Kutoka gesi asilia hadi mfuko wa urea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu gesi sanisi na haidrojeni

Nilifanya kazi kwenye kiwanda cha amonia, gesi ya naitrojeni na haidrojeni inayotengenezewa urea, huko Ghuba kabla ya kurudi nyumbani Uyole, Mbeya. Tangu nirudi, kila nikitaja kazi niliyokuwa nikiifanya, maswali ni yale yale: uwanjani John Mwakangale wakati wa Nane Nane, kwenye Noah ya kwenda Tukuyu, hata msibani. Nimeyaandika hapa ili nipumzike kuyarudia. Mwenye haraka aende swali la 4, ndilo linalowagusa wengi. Anayetaka undani aanze juu.

## Mambo ya msingi

1. Gesi sanisi ni nini hasa?

Ni mchanganyiko wa gesi mbili, haidrojeni na kaboni monoksaidi. Haichimbwi mahali popote, inatengenezwa. Ndiyo maana ikaitwa sanisi, neno lile lile tulilolisoma shuleni kwenye usanisinuru. Hupatikana kwa kuvunja kitu chenye kaboni ndani yake: gesi asilia, nafta, mafuta mazito, makaa ya mawe, hata kuni.

Ichukulie kama unga: hakuna anayeulamba, bali hupikwa vitu vingine. Humo hutoka amonia ya mbolea, methanoli, dizeli ya kutengenezwa, na haidrojeni safi ambayo viwanda vya kusafishia mafuta huitumia kuondoa salfa. Kinachotofautisha unga mmoja na mwingine ni uwiano. Anayetaka methanoli au dizeli anahitaji haidrojeni mbili kwa kila kaboni monoksaidi moja. Anayetaka amonia anahitaji haidrojeni tupu, na kaboni monoksaidi kwake ni adui. Ukurasa huu unahusu zaidi huyo wa pili.

2. Haidrojeni inatokaje kwenye gesi asilia?

Gesi asilia karibu yote ni methani: kaboni moja iliyozungukwa na haidrojeni nne. Ichanganye na mvuke wa maji, ipitishe juu ya kichocheo cha nikeli (kichocheo huharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha) kwenye joto la nyuzi 800 hadi 900, nayo inavunjika:

CH₄ + H₂O → CO + 3H₂

Hatua hii inakula joto kwelikweli, kilojuli 206 kwa kila moli ya methani. Zima moto wa nje na kazi inasimama. Kisha ile kaboni monoksaidi inakutanishwa na mvuke tena, safari hii kwenye joto dogo:

CO + H₂O → CO₂ + H₂

Hii ya pili inatoa joto kidogo, kilojuli 41. Ukijumlisha zote mbili unapata molekuli nne za haidrojeni (H₂, kila moja ni atomi mbili) kwa kila methani moja. Sasa hesabu: methani yenyewe ilikuwa na atomi nne, zinazotosha molekuli mbili tu. Mbili nyingine zimetoka kwenye maji. Hapa ndipo wanafunzi hunitazama kama ninawatania, lakini ndivyo ilivyo, nusu ya haidrojeni ya kiwanda cha gesi ni haidrojeni ya maji.

3. Kama nusu inatoka kwenye maji, kwa nini tusiachane na gesi tukatumia maji peke yake?

Inawezekana, kwa kuyapasua maji kwa umeme. Tena jirani zetu wamefanya hivyo kwa miaka mingi: huko Kwekwe, Zimbabwe, kiwanda cha Sable kilitengeneza amonia kwa njia hiyo, kikitumia umeme mwingi, kuanzia miaka ya 1970 mpaka 2015.

Shida ni ankara ya umeme. Kilo moja ya haidrojeni kwa njia hiyo hula uniti 50 hadi 55. Kwenye gesi, methani inakuja na nguvu yake ndani. Maji hayana nguvu yoyote ya kukupa, ni majivu ya haidrojeni iliyokwisha kuungua. Umeme ukiwa wa bei ya chini sana na usiokatika, hesabu inabadilika. Mpaka sasa sehemu kubwa ya haidrojeni duniani bado inatoka kwenye gesi asilia, na inayofuata ni ya makaa ya mawe.

4. Mimi nalima mahindi Mbozi. Haya yananihusu nini?

Chukua mfuko wa urea wa kilo 50. Humo mna naitrojeni kilo 23, ndiyo asilimia 46 iliyoandikwa nje. Kuutengeneza mfuko huo kulihitaji amonia kilo 28 hivi, na amonia hiyo ilihitaji haidrojeni kilo 5. Hizo kilo 5 karibu hakika zilitoka kwenye tanuri la kuvunja gesi au makaa ya mawe huko nje.

Kwa hesabu ya karatasini kilo 5 za haidrojeni zinataka kilo 10 za methani. Ongeza gesi ya kuwashia tanuri na kuendeshea mashine, na jumla inazidi gesi yote iliyomo kwenye mtungi wa kilo 15. Kwa hiyo unapobeba mfuko wa urea begani kutoka dukani Vwawa, umebeba mtungi wa gesi wenye umbo lingine.

Ndiyo maana bei ya gesi ikipanda Ulaya, mkulima wa Mbozi anaumia bila kujua aliyempiga. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, gesi ilipanda mno, viwanda kadhaa vya amonia Ulaya vikapunguza uzalishaji au vikafunga kwa muda, na mbolea ikapanda dunia nzima. Mwaka huo huo ruzuku ya mbolea ilizinduliwa hapa hapa Mbeya kwenye kilele cha Nane Nane.

Kuna jambo moja zaidi. Urea haiundwi na amonia peke yake. Inahitaji pia kaboni dayoksaidi, yaani hewa ukaa, kilo 37 hivi kwa mfuko. Hewa hiyo hutoka humo humo kiwandani, kwenye ile hatua ya pili ya swali la 2. Ukiimwaga urea shambani, udongo unaigawanya tena kuwa amonia na hewa ukaa. Ikiwa juu juu kwenye jua, amonia inapaa na fedha yako inapaa nayo. Ifukie wakati wa kukuzia. Hili nalisema hata nisipoulizwa.

## Ndani ya kiwanda

5. Gesi ikiingia kiwandani inapita wapi mpaka inakuwa haidrojeni?

Kwanza inaoshwa salfa (swali la 6). Kisha inachanganywa na mvuke, inapashwa, inaingia kwenye tanuri kubwa ambalo mafundi huliita rifoma. Ukilitazama kwa nje unadhani ni ghorofa isiyo na madirisha. Ndani yamening'inia mabomba mamia, kila moja lina urefu wa mita 10 hadi 14 na unene wa kama paja la mtu mzima, yamejazwa vipande vya kichocheo: nikeli iliyopakwa kwenye udongo mgumu wa alumina, vyenye matundu ili gesi ipite. Nje ya mabomba kunawaka moto. Ndani gesi inapita kwa presha ya mara 20 hadi 35 ya hewa ya kawaida. Moto na gesi havikutani. Ukichungulia kwenye kidirisha unaona mabomba yamekuwa ya rangi ya chungwa, na moto hauonekani vizuri kwa sababu kila kitu kinang'aa.

Kwenye kiwanda cha amonia gesi inayotoka hapo bado ina methani kama moja ya kumi. Inaingia kwenye chombo cha pili, na humo hewa ya kawaida inapulizwa. Oksijeni ya hewa inaunguza sehemu ya gesi, joto linapanda kupita nyuzi 1,000, na methani iliyobaki inavunjika. Naitrojeni ya hewa inabaki, nayo ndiyo inayotakiwa baadaye kuungana na haidrojeni. Mpango huu naupenda kuliko yote kiwandani: kitu kimoja, hewa, kinafanya kazi mbili.

Halafu gesi inapozwa, na joto lake linachemshia maji ya mvuke. Inapita kwenye kichocheo cha chuma kwenye nyuzi 350 hadi 450, kisha cha shaba kwenye nyuzi 200 hivi, ambako kaboni monoksaidi inageuzwa kuwa hewa ukaa na haidrojeni zaidi. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu penye joto kubwa kazi inakwenda haraka lakini haikamiliki, na penye joto dogo inakamilika lakini inakwenda polepole. Baada ya hapo hewa ukaa inafyonzwa kwa kimiminika, mabaki ya kaboni monoksaidi yanarudishwa kuwa methani, na kinachobaki ni haidrojeni tatu kwa naitrojeni moja.

Anayetaka haidrojeni safi bila naitrojeni haweki hewa hiyo. Badala yake anaipitisha gesi kwenye matangi ya chembechembe zinazonasa kila kitu isipokuwa haidrojeni, kwa kupandisha na kushusha presha.

6. Kwa nini salfa inaogopwa hivyo?

Inaua nikeli. Chembe za salfa zinang'ang'ania juu ya nikeli, mahali ambapo methani ilitakiwa kukaa, na kiasi kidogo sana, chini ya sehemu moja kwa milioni, kinatosha kuharibu kazi ikiachwa iendelee. Dawa yake ni oksidi ya zinki kwenye nyuzi 350 hadi 400: inakula salfa na kugeuka salfidi ya zinki. Salfa ikiwa imejificha ndani ya molekuli kubwa, kwanza inatolewa kwa haidrojeni kidogo juu ya kichocheo cha kobalti na molibdenamu. Ndiyo, haidrojeni inahitajika ili kutengeneza haidrojeni. Ili kuwasha kiwanda kipya unaazima kwa jirani.

7. Masizi yanatoka wapi, na mvuke unayazuiaje?

Methani ikipata joto bila mvuke wa kutosha, haidrojeni zinatoka na kaboni inabaki palepale, nyeusi, juu ya kichocheo. Kaboni monoksaidi nayo hufanya hivyo ikipoa kwa pupa: mbili zinagongana, moja inaondoka na oksijeni yote na kuwa hewa ukaa, nyingine inabaki masizi. Ndiyo maana kiwanda hakiweki mvuke kwa kipimo cha kitabuni cha moja kwa moja, bali molekuli 2.5 hadi 3 au zaidi za mvuke kwa kila kaboni.

Niliyaona mwenyewe. Usiku mmoja kipimo cha mvuke kilikwama kikiwa kinaonyesha namba nzuri, kumbe mvuke umeshuka. Gesi ikaendelea kuingia. Ilipogunduliwa zilikuwa zimepita dakika chache tu, lakini asubuhi tulipochungulia mabomba yalikuwa na mabaka mekundu na meusi, yamekaa kabisa kama ngozi ya twiga. Pale penye masizi gesi haikupita vizuri, bomba likakosa wa kulipooza, likaungua. Kanuni ya mafundi ni kwamba bomba likizidi joto lililopangiwa kwa nyuzi 20 mfululizo, umri wake unapungua nusu. Yale yalizidi kwa mengi. Tulibadilisha mabomba 40, na msimamizi wa zamu hakuzungumza na mtu wiki nzima.

8. Kuna njia nyingine zaidi ya mvuke?

Zipo, na kila moja ina mahali pake. Unaweza kuichoma gesi nusunusu kwa oksijeni isiyotosha:

CH₄ + ½O₂ → CO + 2H₂

Hii inajitosheleza kwa joto, haihitaji tanuri la nje, na inameza hata mafuta mazito yenye salfa ambayo yangeua nikeli. Lakini inataka kiwanda cha kutenga oksijeni kwenye hewa, nacho ni ghali. Haidrojeni pia ni chache, mbili kwa moja, kwa hiyo inawafaa zaidi watu wa dizeli na methanoli.

Njia ya tatu inaoanisha hizo mbili ndani ya chombo kimoja: oksijeni inaunguza juu, mvuke na kichocheo vinamalizia chini. Mfano wa karibu nasi ni Sasolburg, Afrika Kusini. Walikuwa wakitengeneza gesi sanisi kwa makaa ya mawe tangu miaka ya 1950. Mwaka 2004 bomba la gesi ya Msumbiji lilipofika, wakahamia kuvunja gesi kwa njia hii. Wenye makaa tele waliyaacha walipopata gesi. Kumbuka hilo ukifika swali la 12.

Ipo pia njia ya kuivunja methani kwa joto tupu, bila maji wala oksijeni, ibaki haidrojeni na kaboni ngumu. Inavutia kwa sababu haitoi hewa ukaa kwenye mmenyuko wenyewe, ila mavuno ya haidrojeni ni nusu.

9. Kwa nini kisijengwe kiwanda kidogo hapa Makambako?

Kwa sababu ukubwa ndio unaoleta nafuu. Viwanda vya kisasa vya amonia hutoa tani 2,000 hadi 3,000 kwa siku, na joto la hatua moja linatumika kwenye nyingine. Ukikipunguza kiwanda, joto linapotea na gharama ya kila tani inapanda. Pia gesi yenyewe haiko huku: Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, zote pwani, na bomba la Mtwara lililozinduliwa mwaka 2015 linakwenda Dar es Salaam. Lori moja la urea hupandisha Kitonga na mifuko 600. Lori la gesi iliyoshindiliwa hubeba tani chache tu. Ni rahisi kusafirisha mbolea kuliko kusafirisha gesi ya kuitengeneza.

## Vya kwetu

10. Gesi ya mtungi si ndiyo gesi ya Mtwara?

Siyo. Hili naulizwa kuliko yote, pengine kwa sababu zote zinaitwa gesi. Ya Mtwara ni methani, haigeuki kimiminika kwa presha ya mtungi wa kawaida. Ya mtungi ni propani na butani, zinatokana na visima na usafishaji wa mafuta, na sisi tunaziagiza kutoka nje kwa meli. Ndiyo maana gesi asilia yetu ikiongezeka bei ya mtungi Mwanjelwa haishuki.

Zinaweza kuvunjwa kwa mvuke? Ndiyo, na viwanda vingine hufanya hivyo. Ila zinatengeneza masizi upesi kuliko methani, kwa hiyo hupitishwa kwanza kwenye chombo cha awali cha joto la nyuzi 450 hadi 550. Na ile harufu kali ya mtungi inatokana na dawa yenye salfa iliyowekwa makusudi ili ujue gesi ikivuja. Kwa pua yako ni mlinzi, kwa nikeli ni sumu.

11. Na bomba la TAZAMA linalopita huku?

Hilo halina gesi. Lilijengwa mwaka 1968 kupeleka mafuta Ndola, Zambia, urefu wake unazidi kilomita 1,700, na siku hizi linabeba dizeli. Dizeli inaweza kuvunjwa kuwa gesi sanisi, lakini ni kama kuchoma kitanda ili uchemshe chai. Na tafadhali, asitokee wa kulitoboa.

12. Tunayo makaa ya mawe Kiwira, Ngaka na Mchuchuma. Hayafai?

Yanafaa, kwa kemia. Makaa yakikutana na mvuke kwenye joto kali hutoa kaboni monoksaidi na haidrojeni kwa kiasi sawa. Zambia walijenga kiwanda cha mbolea Kafue kwa msingi huo. China hadi leo hutengeneza sehemu kubwa ya amonia yake kwa makaa.

Lakini makaa yana haidrojeni kidogo, kwa hiyo karibu yote inabidi itolewe kwenye maji, na hewa ukaa inayotoka ni kama mara mbili ya ile ya gesi: kilo 9 hadi 10 kwa kila kilo ya haidrojeni kwa gesi, na kama 20 kwa makaa. Tena kuna majivu ya kuondoa, salfa nyingi zaidi, na mitambo mikubwa ya kusafisha. Maoni yangu, na ni yangu tu, ni kwamba makaa ya Kiwira yatachomwa kwenye matanuri ya saruji kwa muda mrefu kabla hayajawa mbolea.

13. Gesi ya Kyejo kule Rungwe je? Inatoka ardhini yenyewe.

Inatoka kweli, na kampuni ya gesi ya TOL huivuna na kuiuza, humo mkiwemo ya soda. Lakini ni hewa ukaa, siyo fueli. Kiberiti ukikiingiza humo kinazimika. Ndiyo maana sehemu za mabonde ambako inajikusanya ni hatari kwa mifugo na watu.

Hata hivyo swali hili si la kipuuzi. Hewa ukaa inaweza kuchukua nafasi ya mvuke katika kuivunja methani:

CH₄ + CO₂ → 2CO + 2H₂

Inakula joto kuliko hata mvuke, kilojuli 247, inapenda kutoa masizi, na haidrojeni yake ni moja kwa moja tu na kaboni monoksaidi. Anayetaka gesi yenye haidrojeni nyingi haanzii hapo. Na methani ya kuikutanisha nayo bado iko pwani.

14. Nina mtambo wa biogesi na ng'ombe wanne. Naweza kupata haidrojeni?

Tupige hesabu. Ng'ombe wanne wa ndani wanaweza kukupa mita 2 za ujazo za biogesi kwa siku. Asilimia 60 hivi ni methani, yaani kilo 0.8. Ungeivunja yote bila kupoteza hata kidogo, ungepata haidrojeni kilo 0.4. Sehemu ya gesi itabidi iwake kupasha mtambo, kwa hiyo sema 0.25. Haidrojeni ya mfuko mmoja wa urea ingekuchukua karibu wiki tatu, na ungekuwa hujapika ugali wiki tatu. Biogesi pia ina salfa ile ya harufu ya yai viza.

Na naitrojeni unayo tayari. Ule uji unaotoka upande wa pili wa mtambo umebeba naitrojeni ya samadi karibu yote. Peleka kwenye migomba.

15. Maranda ya Mafinga yanayochomwa ovyo?

Hapa nina matumaini zaidi, ila siyo ya haidrojeni. Mabaki ya misonobari ya Sao Hill yakichomwa kwa hewa pungufu hutoa gesi yenye haidrojeni na kaboni monoksaidi, kila moja kama moja ya tano, na karibu nusu ikiwa naitrojeni isiyo na kazi. Inaweza kuendesha injini ya kupasulia mbao ikichujwa lami vizuri. Lami ndiyo inayowashinda wengi: inaganda kwenye vali, injini inakwama, mtambo unakuwa banda la kuku. Kuitakasa gesi hiyo mpaka ifae mbolea ni kazi ya kiwanda kikubwa.

16. Mbeya iko juu. Kungebadilisha chochote?

Kidogo. Maji ya sufuriani huchemka nyuzi 94 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharage yanakuchosha. Ndani ya boila iliyofungwa hilo halipo, presha unaipanga mwenyewe. Lakini feni na kompresa zinazovuta hewa ya nje zingepata hewa nyepesi, kama asilimia 83 ya ile ya Tanga, hivyo zingetakiwa kuwa kubwa zaidi.

## Usalama

17. Gesi sanisi ina sumu?

Sana, kwa sababu ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na inashikamana na damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Kiwandani kila mmoja wetu alitembea na king'ora kifuani.

Huku hatuna kiwanda, lakini gesi hiyo hiyo ipo. Jiko la mkaa lililowekwa chumbani usiku wa Julai, Makete au Njombe, dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi, linatengeneza kaboni monoksaidi. Kila msimu wa baridi tunasikia familia imelala haikuamka, na minong'ono ya uchawi inaanza. Mkaa usio na moshi si mkaa usio na sumu. Ule unaong'aa vizuri bila moshi ndio unaodanganya. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikija kwa wote mliomo chumbani, tokeni nje kwanza, mengine baadaye. Jiko libaki nje.

18. Haidrojeni si inalipuka?

Inawaka ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, wakati methani ni 5 hadi 15 tu. Cheche ndogo kabisa inatosha. Nafuu yake ni kwamba ni nyepesi mara 14 kuliko hewa, ikivuja nje inapaa na kutawanyika. Gesi ya mtungi inatambaa sakafuni ikikusubiri. Ubaya ni kwamba mwali wake mchana hauonekani. Wazee wa kiwandani walitufundisha kutembea na ufagio umenyooshwa mbele karibu na bomba linaloshukiwa: ufagio ukishika moto, umepata palipovuja.

19. Ni hatari gani ambayo watu hawaijui?

Kuzima kiwanda. Nikeli ikipoa chini ya nyuzi 200 huku bado kuna kaboni monoksaidi ndani, hivyo viwili vinaungana kuwa gesi yenye sumu kali mno kuliko kaboni monoksaidi yenyewe. Kwa hiyo kabla ya kupoza, gesi yote inasukumwa nje kwa mvuke au naitrojeni. Anayefungua chombo baadaye akiwa na uhakika wa vipimo, siyo wa mdomo wa mtu, anarudi nyumbani.

## Maswali ya pembeni

20. Kuna fundi anauza kifaa cha haidrojeni cha gari, anasema unaweka maji unaokoa mafuta. Ni kweli?

Usinunue. Kifaa hicho kinapasua maji kwa umeme wa betri. Betri inachajiwa na altaneta. Altaneta inazungushwa na injini. Injini inakula mafuta. Kila hatua inapoteza. Haidrojeni inayorudi injini ni kidogo kuliko mafuta yaliyoitengeneza (sababu iko swali la 3). Waliokuapia kwamba gari limebadilika, mara nyingi wameanza pia kuendesha taratibu.

21. Haidrojeni ya kijivu, ya buluu na ya kijani ni gesi tofauti?

Gesi ni moja na haina rangi. Majina yanataja ilikotoka: kijivu imevunjwa kwenye gesi asilia na hewa ukaa ikaachwa iende, buluu ni hiyo hiyo, ila hewa ukaa imekamatwa na kuzikwa, kijani ni ya maji na umeme wa jua, upepo au maporomoko.

22. Naweza kujaribu haya shuleni?

Kuvunja methani, hapana. Nyuzi 800, presha na kaboni monoksaidi havina nafasi kwenye maabara ya sekondari. Ila vipo viwili vinavyofaa. Cha kwanza ni zinki na asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, haidrojeni ikusanywe juu ya maji kwenye neli ndogo ya majaribio na kusikilizwa mlio wake kwa kijiti chenye moto, mwalimu akiwepo na miwani ikiwa machoni. Cha pili ni betri ya volti 9, penseli mbili zilizochongwa pande zote na maji yenye magadi kidogo. Msitumie chumvi ya mezani, itawatolea klorini.

23. Mwanangu anataka kusomea kazi hii. Aanzie wapi?

Fizikia, kemia na hisabati kidato cha tano na sita, kisha uhandisi wa kemikali. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanao. Asiyefika huko asikate tamaa: kwenye rifoma yetu aliyeheshimiwa kuliko wahandisi wote alikuwa mchomeleaji. Yeye ndiye aliyeunga yale mabomba 40.